Ndege inayopima unene wa mafuta baharini

Mvuvi hujua mafuta yamemwagika akiona mng'aro wa rangi rangi juu ya maji, au nyavu zake zikitoka zimepakaa weusi. Lakini mng'aro peke yake hausemi mengi. Je, ni utando mwembamba utakaopotea kwa jua, au ni tope zito linaloelekea mikokoni?

Kamera ya simu huugawa mwanga katika rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Skana inayofungwa kwenye ndege huugawa katika mikanda mingi, pamoja na ile ya infraredi ambayo macho hayaioni. Kila kitu hurudisha mwanga kwa namna yake. Jani la mkoko lenye afya hunyonya nyekundu na kurudisha infraredi kwa wingi. Likianza kuugua, kiasi hicho hubadilika.

Tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico. Watu 11 walifariki, na mafuta yakamwagika kwa siku 87. NASA ilirusha ndege ya ER-2, inayopaa kama kilomita 20 juu, ikiwa na skana ya AVIRIS yenye mikanda 224. Mafuta mazito yaliyochanganyika na maji yana alama yake katika infraredi, na alama hiyo hubadilika kadiri unene unavyobadilika. Hapo ndipo wanasayansi walipoweza kukadiria unene, si ukubwa wa eneo tu. Kwa wasafishaji hilo ni kubwa, maana mashua ni chache na bahari ni pana. Penye mafuta mazito ndipo pa kukimbilia kwanza. (Mawingu yakitanda, lakini, kazi hulala.)

Sisi wenye Kilindini mlangoni tusiseme hayo ni ya Wamarekani. Mwaka 2005 mafuta ya meli yalimwagika humo humo bandarini, yakaingia mikokoni. Mvuvi akidai fidia huulizwa: mikoko hii ilikuwaje kabla? Asipokuwa na picha ya kabla, limebaki neno lake dhidi ya la mwenye meli.

Ndege kama ile ni ghali mno kwetu. Ila siku hizi kuna droni ndogo zenye kamera za mikanda minne au mitano, na kwa maoni yangu BMU zetu zikishirikiana na kaunti zingeweza kupiga picha mikoko ya Tudor na Port Reitz kila mwaka kabla ya masika. Kibali cha kurusha droni hutolewa na KCAA, na ombi hilo lafaa lipelekwe sasa, bahari ikiwa bado safi.