Fahamu: Programu yenye ubora ni ipi kwa mkulima wa Rutamba?

Tangu 2024, ufuta na korosho za Lindi hunadiwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mkulima wa Rutamba, mkoani Lindi, hupeleka mzigo AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), unapimwa, unaingia ghalani, kisha anasubiri pesa. Katikati ya safari hiyo kuna programu, na programu hupimwa kabla ya kutumika.

Kupima programu si kuona tu kama kilo zimezidishwa kwa bei sawasawa. Gerald Weinberg, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu kazi hii, alieleza ubora kuwa ni thamani kwa mtu fulani. Kwa hiyo swali la kwanza ni: mtu yupi? Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam anataka mnada usikwame. Mkulima ana simu ya kitochi yenye kioo kidogo. Anataka meseji ya Kiswahili, inayotaja kilo, bei na makato yote.

Mpimaji makini wa programu, kwa maoni yangu, angekaa na karani kwenye mzani msimu wa ufuta, foleni ikiwa ndefu. Karani anaingiza kilo 87.5, mtandao unakatika, anabonyeza tena. Je, mzigo umeandikwa mara mbili? Akikosea nukta ikawa 875, mfumo unamshtua au unapokea kimya kimya? Na wakulima wawili wenye majina yanayofanana, malipo yatamfikia nani?