Minyoo ya Mama, Kinga ya Mtoto
Minyoo ya safura na kichocho huishi muda mrefu mwilini kwa kutuliza kinga ya mwenyeji wake. Kwa mjamzito, vijenzi vya minyoo huweza kupenya kondo la nyuma, na kinga ya mtoto ikavizoea angali tumboni. Ndiyo maana ilihofiwa kuwa chanjo zingedhoofu kwa watoto hao.

Entebbe, Uganda, wajawazito 2,507 waliandikishwa katika utafiti kati ya 2003 na 2005. Wengine walipewa dawa za minyoo, albendazoli au prazikwanteli, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya 2011 yalishangaza kidogo: mwitikio wa watoto kwa chanjo za kifua kikuu, pepopunda na surua haukubadilika, ila waliozaliwa na mama waliomeza albendazoli walipata ukurutu zaidi.