Maji Yakipata Joto, Samaki wa Mlimani Ataishi Wapi?

MWANAFUNZI wa Meru au Embu asikiapo kwamba bahari inazidi kupata joto, aghalabu hudhani kuwa hayo ni mambo ya watu wa Pwani. Husoma jinsi matumbawe ya Malindi, Watamu na Mombasa yalivyopauka mwaka wa 1998 maji ya Bahari Hindi yalipopita joto lake la kawaida, kisha akafunga kitabu na kwenda zake. Kwa maoni yangu, kitabu hicho hufungwa mapema mno. Sheria iliyoyaadhibu matumbawe ndiyo iyo hiyo inayomtawala samaki wa mito ya Kathita, Thuci na Rupingazi, pamoja na yule afugwaye katika kidimbwi nyuma ya nyumba.

Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Joto la maji ndilo joto la mwili wake. Maji yakipoa, hula kidogo na hukua polepole. Yakipata joto kiasi, hula kwa pupa na kunenepa. Yakizidi, pumzi humwishia. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 10 za Selsiasi yaweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, hubeba saba na nusu hivi. Hayo ni makadirio ya usawa wa bahari. Huku kwetu milimani, ambako hewa ni nyepesi, kiasi hicho hupungua zaidi. Hivyo basi, joto humwongezea samaki haja ya kupumua na papo hapo likamnyang'anya pumzi yenyewe.

Tuwatazame samaki wawili. Wa kwanza ni trauti, aliyeletwa nchini kutoka Uskoti mwaka wa 1905 na ambaye makao yake ni mito baridi itokayo katika msitu wa Mlima Kenya. Jike lake hufukia mayai katika changarawe chini ya maji yaendayo kasi. Maji yakiwa nyuzi 10, mayai huanguliwa baada ya takriban mwezi mmoja. Yakipanda kupita nyuzi 13 au 14, mayai mengi huharibika. Yakipita 20, hata trauti mkubwa huanza kukataa chakula. Kimbilio lake ni kupanda juu mlimani, lakini mlima nao una kilele. Akifika huko, atakwenda wapi?

Wa pili ni ngege, ambaye wengi humwita tilapia. Huyu hupenda joto: hukua vyema baina ya nyuzi 27 na 30, na chini ya nyuzi 20 ni nadra kuzaa. Mwaka wa 2009, Serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi, ilikusudiwa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kimoja cha mita 300 za mraba. Kanyakine, katika Imenti Kusini, pakajengwa kiwanda cha kutayarisha samaki. Kwa bahati mbaya, kidimbwi cha Kibirichia penye baridi si sawa na cha Siakago penye jua kali, ingawa vipimo vyake ni vile vile na samaki wake ni yule yule.

Huenda msomaji akasema: kama ni hivyo, joto na lije, mkulima wa juu apate samaki wanono! Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Ngege jike huyaatamia mayai yake kinywani kwa wiki moja au mbili, na katika muda huo halii ila kidogo sana. Maji yenye joto humfanya azae mara kwa mara akiwa angali mdogo. Nguvu ambazo zingejenga mwili huishia katika uzazi, kidimbwi kikajaa vifaranga wanaogombea chakula, na mkulima akavua samaki wasiozidi kiganja cha mkono. Isitoshe, katika nyanda za chini za Mbeere, jua lilo hilo hukausha kidimbwi chenyewe.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wakulima wengi walipewa jembe na vifaranga, wasipewe kipimajoto. Samaki walipodumaa, wengine walilaumu mbegu, wengine chakula, na wengine wakaacha vidimbwi vikawa makao ya vyura. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la samaki ni joto la maji.

Hapa ndipo mwalimu anapohitajika. Kipimajoto cha maabara chatosha kuanza kazi. Wanafunzi wapime maji ya mto au kidimbwi kilicho karibu saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana, waandike tarehe na idadi, wafanye hivyo mwaka hadi mwaka. Vipimo vya asubuhi vina maana yake: usiku mimea ya majini huvuta oksijeni bila kuitengeneza, hivyo alfajiri ndio wakati samaki huonekana wakitwetea juu ya maji. Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vingeweza kuzikusanya takwimu hizo na kumshauri mkulima ni samaki gani wa kufuga, wapi, na lini wa kuvuna.

Nalo jambo la pili halihitaji hata senti: tusikate miti ya kingo za mito. Kivuli cha mti ndicho mwavuli wa samaki. Barafu ya Mlima Kenya inayeyuka na hatuwezi kuirejesha kwa mikono yetu, lakini mti wa ukingoni twaweza kuuacha usimame. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kuzuia joto la mto bado hajazaliwa fundi wa kuujenga.