Mhadhiri aliyelitilia maanani swali lililochekwa

Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoko Juja, jirani na Witeithie kwenye barabara kuu ya Thika, kilikuwa chuo cha vyeti na diploma kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1981. Kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1994.

Katika vyuo vinavyoanza kwa hali hiyo, mhadhiri wa fizikia hukabiliwa na tatizo moja. Vipindi ni vingi na vifaa ni haba. Utafiti ataufanya lini, tena kwa chombo gani?

Jibu moja lilipatikana Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kwa kutumia jokofu la nyumbani.

Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa kimefungua milango Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria, na masomo ya sayansi yalianza mwaka 1965. Miongoni mwa waliofundisha fizikia hapo ni Mwingereza, Dkt Denis Osborne, ambaye siku moja alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule ya Mkwawa, Iringa.

Huko, mwanafunzi Erasto Mpemba alimwuliza kwa nini, kati ya maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100 yaliyo sawa kwa ujazo, yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda katika jokofu. Wenzake walimcheka.

Swali hilo Mpemba alikuwa nalo tangu mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, na kwa kuhofia kukosa nafasi jokofuni aliingiza maziwa yake yakiwa moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu mmoja alimwambia amechanganyikiwa. Mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu.

Osborne mwenyewe alidhani kijana amekosea. Hata hivyo, aliamini kwamba swali la mwanafunzi halifai kudharauliwa, akaahidi kulipima. Aliporejea chuoni alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi aliripoti kwamba maji ya moto yametangulia, kisha akaahidi kurudia jaribio hadi apate matokeo sahihi! Kauli hiyo inachekesha, lakini ndivyo wengi hufanya bila kuisema.

Majaribio yaliyofuata yalitumia bika za kioo zenye sentimita 70 za ujazo wa maji. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 yalichukua muda mrefu zaidi kuanza kuganda. Yaliyoanza na nyuzi 90 hivi yalichukua muda mfupi zaidi. Upungufu wa maji kutokana na mvuke haukutosha kueleza tofauti hiyo.

Osborne hakujitwalia sifa. Makala iliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education ilibeba majina ya wote wawili, la Mpemba likitangulia.

Wanasayansi bado hawajakubaliana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walisema hawakupata ushahidi wa kuaminika, na kwamba hata kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja kunaweza kubadili matokeo. Mwaka 2020 wengine nchini Kanada waliionyesha tabia kama hiyo, ila kwa chembe ndogo zilizo ndani ya maji, si kwa maji yanayoganda.

Anayetaka kujaribu nyumbani atahitaji vikombe vinavyofanana, nafasi sawa jokofuni, na uamuzi wa mapema: je, kuganda ni barafu ya kwanza kuonekana, au ni kikombe kizima kuwa barafu? Sehemu kubwa ya ubishi imejificha hapo.

Mpemba hakuwa mwanafizikia. Makala ilipotoka alikuwa akisomea usimamizi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Osborne aliacha ualimu, na kati ya 1987 na 1990 alikuwa balozi wa Uingereza nchini Malawi.