Redio ya Gari na Usalama wa Jamaa

Gari dogo lenye mlango mkubwa wa nyuma, mfano wa Volkswagen Golf iliyoanza kuundwa Ujerumani Magharibi mwaka 1974, halina buti lililotengwa na abiria. Kwa hiyo atakaye muziki humo hana budi kujihadhari. Wengi hufunga spika nzito juu ya ubao wa nyuma, ilhali ubao huo ni mwepesi na huinuka pamoja na mlango. Dereva akifunga breki kwa ghafula, spika zaweza kuruka na kuwaumiza watoto walioketi nyuma. Yafaa zikazwe kwa skrubu milangoni au ubavuni.

Kabla ya kazi, fundi aondoe kwanza waya hasi wa betri. Katika redio nyingi, waya wa manjano hupokea umeme wa kudumu wa volti 12, mwekundu hupitia swichi ya ufunguo, na mweusi hufungwa kwenye bodi. Waya utokao moja kwa moja betrini sharti uwe na fyuzi karibu na betri. Pasipo fyuzi, ukichubuka na kugusa bodi huweza kuwasha moto. Mwenye gari aikague fyuzi hiyo kabla ya kumlipa fundi.