Pampu ya Moyo na Mishipa Isiyopata Pigo

Tangu mwaka 1897, Daktari Albert Cook alipoanza kuwatibu wagonjwa hapa Mengo, kidole juu ya kifundo cha mkono kimekuwa miongoni mwa vipimo vya kwanza vya uhai. Muuguzi hulitafuta pigo, akilipata, hutumaini. Lakini leo wamo duniani watu wanaotembea, wanaokula na kucheka, ambao pigo lao ni hafifu mno au halipatikani kabisa.

Watu hao mioyo yao ilidhoofika hata ikashindwa kusukuma damu, wakatiwa kifuani pampu ndogo iendeshwayo kwa umeme. Pampu za awali ziliuiga moyo, zikijaa na kubana, lakini zilikuwa kubwa na zilichakaa upesi. Zikafuata zenye gurudumu lizungukalo mfululizo. Mojawapo, HeartMate II, iliruhusiwa Marekani mwaka 2008 kwa wanaongojea kupandikizwa moyo, na mwaka 2010 kwa watakaoishi nayo maisha yao yote. Gurudumu lake huzunguka kiasi cha mara 9,000 kwa dakika.

Maelfu wameokoka kwa njia hiyo. Hata hivyo, ndugu msomaji, mishipa ya damu si mabomba ya chuma. Utando wake wa ndani ni kama askari wa zamu: damu ipitapo kwa mapigo, hutoa gesi ya nitriki oksaidi, ambayo huuamuru mshipa utanuke. Pigo likififia, amri hiyo nayo hufifia. Kadiri muda unavyopita, ukuta wa aota huelekea kukakamaa. Aidha, vijishipa dhaifu huweza kuota tumboni, na mzunguko wa pampu huikatakata protini kubwa isaidiayo damu kuganda. Kwa kuwa mgonjwa hana budi kumeza dawa ya kuzuia damu isigande, hatari ya kutokwa na damu tumboni huzidi.

Pampu mpya, HeartMate 3, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017, hubadili mwendo wake kila baada ya sekunde mbili ili kuleta pigo la bandia. Ni hatua njema, ingawa pigo hilo halijalingana na la moyo mzima.

Mambo haya yatuhusu. Mgonjwa wa namna hiyo akirejea nyumbani kutoka ng'ambo, mganga asiharakishe kumhesabu maiti kwa kukosa pigo. Na amsikilize kifuani, kwani pampu ikifanya kazi huvuma. Nyumba yake nayo yahitaji umeme wa hakika usiku na mchana.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Taasisi ya Moyo ya Uganda ipo Mulago tangu mwaka 1988, na miongoni mwa maradhi inayopambana nayo ni yale yanayoanzia kooni mwa mtoto. Koo hilo likitibiwa mapema kwa penisilini, na watu wazima wakipimwa shinikizo la damu, wengi hawataihitaji mashine hiyo kamwe.