Matope ya Mto Lupa

Dhahabu ya Lupa, huko Chunya kaskazini ya Mbeya, ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920. Watu walikuja kwa maelfu, wakapekua mito na makorongo. Na hata leo wachimbaji wadogo wangaliko. Wao hutumia zebaki, maji mazito yang'aayo kama fedha, ambayo hushikana na chembe za dhahabu. Donge lao huchomwa, zebaki ikapanda kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Lakini sehemu ya zebaki huchukuliwa na maji ya kuoshea, nayo, kwa kuwa ni nzito kuliko maji mara 13, huzama na kukaa katika matope. Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki, na katika samaki sisi tuwalao. Aliye hatarini kupita wote ni mtoto angali tumboni, maana sumu hiyo huharibu ubongo.

Mtu atasema, "Basi matope yazolewe." Nasi tulisema hivyo. Lakini tazameni Minamata, katika Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ya kiwanda ulitambuliwa mwaka 1956. Kazi ya kusafisha ghuba ilianza 1977, ikaisha 1990. Matope yapata meta za ujazo milioni 1.5 yalichotwa au kufukiwa, na nyavu zilitandwa baharini ili samaki wenye sumu wasitoke. Na ile ni nchi yenye mali.

Kwetu matope hayatulii hata siku moja. Maskini huyarudia kutafuta dhahabu iliyosalia, na kila koleo huitibua sumu iliyokwisha lala. Hatuwalaumu, nyumbani wanangojewa unga. Ila kuzoa matope na zebaki ikingali inamwagwa ni kukausha sakafu chini ya mtungi unaovuja.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili zebaki ipunguzwe. Wakati huo usipofika bado, mchanga uoshwe katika shimo lililosakafiwa, mbali na mto. Donge lichomwe katika chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke, zebaki irudi chupani, nayo ni fedha pia. Tena nanyi wa Iringa, wenye machimbo ya Nyakavangala, msidhani twasema na Chunya tu. Tumeona donge likichomwa jikoni, katika sufuria ya mboga, mama mjamzito akipuliza moto.